Mama Anapoondoka: Tembo wa Mikumi na Wosia wa Mwana Kupona

Barabara kuu ya Tanzania–Zambia inaipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Abiria wa Iringa na Mbeya huinuka kwenye viti kuwatazama tembo waliosimama hatua chache kutoka kwenye lami. Wengi huondoka wakisimulia ukubwa: masikio yale, pembe zile, miguu ile. Lakini Muumba hakumpa tembo ukubwa peke yake. Alimpa umama ambao ukiutafakari, utanyamaza.

Familia ya tembo ni ya wanawake. Yupo bibi, wapo binti zake na dada zake, wapo wajukuu. Madume hutengana na mama zao wakibalehe. Majike hubaki pamoja maisha yao yote, na jike mzee kuliko wote ndiye kiongozi. Akisimama, wote husimama. Akigeukia mtoni, wote humfuata. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: Waluguru, Wakaguru na Wavidunda, majirani wa mbuga hii huko Kilosa na kwenye milima inayoizunguka, nao kwa mila zao huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Tembo hubeba mimba miezi 22, na hakuna mamalia wa nchi kavu anayemzidi. Mtoto huzaliwa akiwa na kilo 100 hivi, lakini hajui la kufanya na mkonga wake. Huuzungusha ovyo, pengine huukanyaga akajikwaa. Hunyonya kwa mdomo, kwenye matiti mawili ya mama yaliyo kifuani, katikati ya miguu ya mbele. Akikwama kwenye tope na kulia, si mama peke yake atakayemkimbilia. Mama wakubwa, mama wadogo na dada zake wote watamjia.

Upendo huo haukomei kaburini. Tembo wakikuta fuvu la mwenzao, husimama. Ncha ya mkonga, yenye vidole viwili laini, hupita taratibu juu ya mfupa, ikaingia kwenye tundu la jicho, ikafuata mstari wa taya. Mwingine huugusa mfupa kwa wayo wa mguu, polepole, mguu uleule unaoweza kuvunja mti. Watafiti wa Amboseli, Kenya, waliwawekea mafuvu ya wanyama mbalimbali, na tembo wakayajali zaidi mafuvu ya tembo kuliko ya nyati na kifaru. Ni nini hasa kinachopita moyoni mwao? Mungu ndiye ajuaye.

Jike mzee anapokufa, kundi hupoteza zaidi ya mwili mmoja. Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Tarangire, na watoto wengi wa tembo wakafa. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho ziliokoa watoto wengi zaidi, na miongoni mwazo zilikuwamo zilizoongozwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961. Kumbukumbu ya bibi iligeuka uhai wa wajukuu.

Mikumi inatuonyesha upande wa pili, ule wa kilio. Kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku duniani mwaka 1989, majangili waliwaua tembo wengi hapa, na majike wazee wenye pembe ndefu walilengwa mno. Kati ya 2003 na 2005 watafiti walipima kinyesi cha majike 218 kutoka makundi 109. Majike waliokosa bibi wa kuwaongoza, waliokosa ndugu wa karibu na mapenzi ya kundi, walikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo. Wenye mahusiano dhaifu kundini walizaa watoto wachache. Risasi zilikuwa zimenyamaza zaidi ya miaka 10, lakini miili ya mabinti ilikuwa bado inamlilia mama.

Mwanamke mmoja wa pwani aliijua hatari hiyo ya binti kubaki bila mama wa kumwongoza, akaitangulia. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Takriban mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi. Akamtungia utendi wa beti zaidi ya 100: mshike Mungu wako, sema kweli, kuwa na adabu, itunze nyumba, mheshimu mume. Juu ya hilo la mume, wasomaji wa leo hubishana, na wana haki ya kubishana. Lakini moyo wa utendi ule ni mama anayejua kwamba safari imekaribia, naye hataki ujuzi wake uzikwe pamoja naye. Baadaye alifariki. Utendi bado tunao.

Katika karne ileile, chini ya Malkia Victoria, wanawake wa Uingereza nao walikuwa wakitunga juu ya mapenzi na mauti. Elizabeth Barrett Browning aliyatungia mashairi mapenzi yake kwa mumewe, akafariki Florence mwaka 1861. Christina Rossetti, ambaye hakuolewa, aliyatazama mauti katika mashairi yake mara kwa mara tangu ujana. Hawakumjua Mwana Kupona, wala yeye hakuwajua. Aliyewapa moyo mmoja ni Mmoja.

Tembo hana wino. Wosia wake huuandika kwa kutembea, mwaka hadi mwaka, watoto wakimfuata nyuma. Ndiyo maana kumuua jike mzee ni kuchoma maktaba ya kundi zima. Nasi tuliopewa ulimi na kalamu hatuna udhuru. Ikiwa mama yako yu hai, nenda ukae naye, umuulize, na uandike anayokuambia. Na ukipita Mikumi, punguza mwendo: huenda anayevuka barabara ni bibi, na nyuma yake kuna ukoo mzima unaomtegemea.