Je, Aliyeiona Ngoma kwa Televisheni Amefika Ngomani?

Zamani mtu wa kijijini akisema, "Jana nilikuwa ngomani," wote walimwelewa mara moja. Maana yake miguu yake ilikwenda huko, macho yake yaliona, masikio yake yalisikia, na watu wa huko walimwona naye. Pengine alipiga makofi, pengine alimtuza mpiga ngoma, pengine aliwaudhi wenziwe kwa ulevi. Lakini kwa vyovyote alikuwako. Siku hizi neno hilo limekuwa gumu. Katika nyumba za Bukavu, huko Ibanda, Kadutu na Bagira, hata katika vijiji vya mlimani penye mashine ndogo ya umeme, watu huketi mbele ya televisheni wakatazama sikukuu ya muziki inayofanyika saa ile ile mahali pa mbali. Kesho yake husema, "Tulikuwako." Je, wasema kweli?

Swali hili si la mchezo. Mtu aliyezoea kuhesabu kuona kuwa ni kutenda, siku moja ataona mwenye njaa katika picha, atasikitika, atafuta machozi, na kujihesabia kwamba amemlisha. Kwa hiyo yafaa kulichungua jambo hili polepole, tukianza na lililo dogo.

Mwaka 2014, mwezi wa Februari, mji wa Goma ulianza kufanya sikukuu kubwa ya muziki iliyopewa jina la Amani. Watu wa Kivu walikuwa wamechoka kwa vita. Sikukuu yenyewe ilikuwa imepangwa kufanyika mwaka uliotangulia, ikaahirishwa kwa sababu ya mapigano. Waimbaji walitoka Kongo na nchi nyingine, na uwanjani vijana wakasimama bega kwa bega. Tufikiri basi kijana wa Bukavu aliyeitazama ngoma kama hiyo nyumbani kwao, naye akamwendea mzee wake kumwambia habari zake.

"Mzee, nimeiona ngoma ya Goma yote, tangu mwanzo hata mwisho."

"Vema, mwanangu. Na wao walikuona?"

Kijana atacheka, lakini mzee amegusa kiini cha jambo. Kuwapo mahali si kazi ya macho tu. Anayekuwapo huona na kuonwa. Husikia, naye aweza kusikiwa. Mwimbaji akichoka, makofi ya waliopo humtia nguvu. Akiimba vibaya, kimya chao humwonya. Wakiondoka, ajua wameondoka. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na tuzo haina budi kutoka mkononi mwa mtu hata mkononi mwa mwingine. Lakini umeme ukizimika Bukavu katikati ya wimbo, kama unavyozimika mara nyingi, mwimbaji wa Goma hajui neno. Anaendelea. Kiza cha nyumba hii hakikumpunguzia hata mtu mmoja mbele yake.

Tena, katika sikukuu iliyofanywa kwa ajili ya amani, kuna kazi ambayo macho hayawezi kuifanya. Uwanjani Mshi husukumwa na Mnande, Mrega humkanyaga Mhunde mguu na kuomba radhi, Mnyarwanda hupokea chupa ya maji kutoka kwa mtu ambaye hajui kabila lake. Hayo ni mambo madogo, lakini ndiyo amani yenyewe katika mwanzo wake. Aliyebaki nyumbani ameketi na ndugu zake aliozaliwa nao. Hakusukumwa na mgeni wala hakumwomba radhi mtu. Ameziona nyimbo za amani, nazo ni nzuri. Lakini ile kazi hakuifanya. Hapo mtu wa haki atakubali kwamba kijana yule hakufika ngomani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hata hivyo tusiharakishe kumhukumu. Kuna mtu mmoja ambaye Kanisa lamheshimu sana, naye aliona kutoka mbali. Usiku wa Noeli wa mwaka 1252, Mtakatifu Klara wa Asizi alikuwa mgonjwa kitandani. Masista wenzake walikwenda kusali, naye akabaki peke yake, hawezi hata kuinuka. Yasimuliwa kwamba aliyaona na kuyasikia yaliyokuwa yakifanyika katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, kana kwamba yako mbele yake katika chumba kile. Kwa sababu ya habari hiyo Baba Mtakatifu Pio XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa msimamizi wa televisheni. Wengi hucheka wakisikia kwamba televisheni ina msimamizi aliyekufa miaka zaidi ya mia sita kabla haijavumbuliwa. Lakini aliyemchagua alijua alilolitaka.

Ni nini kilichomtofautisha Klara na mtu mvivu? Si umbali. Wote wawili hawakuwako. Klara alitaka kwenda, mwili ukamzuia. Mvivu aweza kwenda, moyo wake ndio unaomzuia. Ndiyo sababu mgonjwa anayeifuata Misa kwa televisheni hupata faraja ya kweli wala hana hatia, lakini mwenye afya aliyekaa kitini akiitazama hajatimiza amri ya Dominika. Mwaka 2020, makanisa ya Kongo yalipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Wakristo wengi walikuwa kama Klara. Yafuata kwamba mtu wa Bukavu asiye na nauli ya mashua ya kwenda Goma, au aliyefungiwa njia na vita, hastahili lawama. Na njia zimefungwa kweli mara nyingi: mwaka 2025 Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari.

Sasa kuna jambo jingine la kutazamwa, nalo ni wakati. Picha nyingine za televisheni ni za mambo yaliyokwisha, nyingine ni za mambo yanayotendeka saa ile ile. Je, tofauti hiyo ni kitu?

Mwezi wa Septemba mwaka 1974, siku tatu, tangu tarehe 22 hata 24, ilifanyika Kinshasa sikukuu ya muziki iliyoitwa Zaïre 74. Ilipangwa iende pamoja na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman aliumia karibu na jicho, pigano likasogezwa mpaka mwezi wa Oktoba. Waimbaji wakaimba bila kungoja. Waliimba katika uwanja ambao leo una jina la Tata Raphaël, yule padre mmisionari aliyewalea vijana wa Kinshasa kwa shule na michezo. Walikuwako James Brown na B.B. King wa Marekani, Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini, Franco na Tabu Ley wa kwetu. Picha zilipigwa, lakini nyingi zilikaa gizani miaka zaidi ya thelathini, mpaka filamu ya Soul Power ilipotoka mwaka 2008. Anayeitazama leo huwaona watu waliokufa wakiruka na kutoa jasho. Franco alifariki mwaka 1989, James Brown mwaka 2006, na Mama Makeba mwaka ule ule wa 2008, muda mfupi baada ya kuimba mbele ya watu huko Italia. Mtazamaji aweza kufurahi na kuwakumbuka. Zaidi ya hayo hawadai kitu, wala hawezi tena kuwapa.

Mambo yanayotendeka saa ile ile ni mbali na hayo. Hapo mlango haujafungwa bado. Anayeimba aweza kuanguka, na anayelia bado analia. Na kama kuna msaada, nafasi ya kuutoa ipo.

Mfano wake mkubwa ulionekana mwaka 1985. Mwaka uliotangulia njaa kali iliwakumba watu wa Ethiopia. Mpiga picha mmoja wa Nairobi, Mohamed Amin, alikwenda Korem pamoja na Michael Buerk wa redio na televisheni ya Uingereza, na picha zake zikaonyeshwa huko mwezi wa Oktoba 1984. Waliozitazama walishtuka. Ndipo mwimbaji wa Ireland, Bob Geldof, na wenzake walipofanya sikukuu ya muziki tarehe 13 Julai 1985 katika viwanja viwili siku moja, London na Philadelphia, nayo ikapelekwa kwa televisheni katika nchi zaidi ya 100. Uwanja wa London ulijaa watu wapatao 72,000. Waliotazama nyumbani kwao walikuwa makundi yasiyo na kifani. Mwimbaji mmoja, Phil Collins, aliimba London, akapanda ndege ya mbio, akavuka bahari na kuimba Philadelphia siku ile ile. Yafaa kulitafakari jambo hili. Sura yake ilikuwa tayari imefika Marekani bila ndege. Lakini yeye mwenyewe aliona kwamba sura haitoshi, akaupeleka mwili. (Na aliyewatia watu wa London furaha kupita wote, Freddie Mercury, alikuwa mzaliwa wa Unguja, ingawa wachache walilijua hilo.)

Basi wale waliokuwa nyumbani walifanya nini? Wengi walipiga simu, wakaahidi fedha, wakazitoa, zikawa mamilioni mengi. Hawa hawakuhudhuria ngoma, lakini mikono yao ilifika mahali ambapo miguu yao haikufika. Wengine walitazama saa kumi na sita, wakajua nyimbo zote, wakalala. Kiti kilikuwa namna moja, picha ile ile. Matendo yalikuwa mbalimbali.

Hata waliotoa walikuwa na deni moja tena, nalo ni kutaka kujua ukweli. Televisheni huonyesha lile ambalo chombo cha picha kimeelekezwa kwake. Katika sikukuu ile waimbaji wa Kiafrika walikuwa wachache sana, ingawa shida iliyoimbwa ilikuwa ya Afrika. Aliyetazama aliweza kudhani kwamba Waafrika wajua kuteseka tu wala hawajui kuimba. Tena serikali ya Ethiopia wakati ule ilikuwa inawahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu. Madaktari wa Ufaransa wa shirika la Médecins Sans Frontières walipolisema jambo hilo waziwazi, walifukuzwa nchini mwezi wa Desemba 1985. Hayo hayakuimbwa jukwaani.

Turudi nyumbani, maana huko ndiko mtazamaji aliko hasa. Hapa watu wengi hukosea. Wao hudhani kwamba aliyekaa mbele ya televisheni hayuko mahali popote: hayuko Goma, wala hayuko kwake. Lakini mwili wake uko Bukavu. Kuna watu wanaomwona na kumsikia. Kwa hao yupo kweli.

Katika ua mmoja huenda ikawa nyumba moja tu ina televisheni. Watoto wa jirani husimama dirishani. Macho hayana pazia, lakini dirisha linalo, na mwenye nyumba aweza kulishusha. Je, atenda dhambi? Kama nyumba ni ndogo na mtoto wake ni mgonjwa, hapana. Kama akiomba wakubwa wachange kidogo kwa mafuta ya mashine, hapana vile vile, mafuta hununuliwa. Lakini akilishusha kwa sababu furaha yake huwa tamu akijua wengine wameikosa, amefanya ubaya, hata kama wimbo unaosikika nyuma ya pazia ni wimbo wa amani.

Tuchukue mfano mwingine ulio mgumu kidogo. Usiku wa sikukuu, jirani amefiwa. Matanga yameanza, akina mama wameketi chini, na sauti ya muziki yapita ukutani. Mwenye televisheni aweza kusema, "Mimi sikucheza. Wanaocheza wako mbali." Jibu hilo halifai, maana sauti iko hapa, naye ndiye aliyeifungua. Wala haitoshi kuipunguza. Akiondoka kitini, Goma hawatajua kwamba kuna mtazamaji mmoja aliyewaacha. Wataendelea kuimba kama walivyoendelea umeme ulipozimika. Wafiwa watajua kama amekuja au hakuja. Basi na azime, avae koti lake, achukue kuni au sukari kadiri ya uwezo wake, aende akaketi pamoja nao. Kesho, akitaka, atawauliza watoto wimbo wa mwisho ulikuwa upi.