Mama Sarah na swali la bibi wa Gando



Jumatatu ya Wiki Takatifu mwaka 2021, tarehe 29 Machi, nilikuwa Gando, kaskazini mwa Pemba, nimekaa barazani na bibi mwenye nyumba niliyopanga. Nilikuwa nafundisha huko. Ukiwa Mkatoliki pale, misa ni mpaka upande gari uende Wete, kwa hiyo siku za kazi masomo ya siku nilikuwa nayasoma kwenye simu. Siku ile Injili ilikuwa Yohane sura ya 12: Maria wa Bethania anampaka Yesu miguu marhamu ya bei kubwa, na Yuda anauliza kwa nini haikuuzwa ili maskini wapewe hizo fedha. Nikiwa bado naisoma, redio ya bibi ikatangaza kwamba Mama Sarah Obama amefariki hospitalini Kisumu, akiwa na miaka 99.

Bibi alinyamaza kidogo, akasema yale wanayosema Waislamu wakisikia msiba, halafu akanigeukia: "Mwalimu, na nyinyi mtu kama yule mnamwombea?"

Nikajibu haraka kwamba tunamwombea. Kiukweli sikuwa na uhakika, na usiku nikalipeleka swali kwenye kundi letu la vijana la WhatsApp. Mmoja aliandika, "Huyo si wetu." Mwingine akaandika kwa upole, "Mwombee tu, matendo yake yanaonyesha alikuwa Mkristo bila kujijua." Hili la pili nililipenda mwanzoni. Baadaye ndilo lililoninyima usingizi.

Wengi wetu tulimjua kama "bibi yake Obama", basi. Lakini hata huo ubibi hakuupata kwa damu. Mama Sarah, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa mke wa tatu wa mzee Hussein Onyango Obama wa Kogelo, Siaya. Barack Obama baba hakumzaa yeye; alikuwa mtoto wa mke mwenzake, na mama yake mzazi alipoondoka, Mama Sarah akamlea. Jamani, sisi tunajua hadithi zetu zinavyomsema mama wa kambo. Huyu alimpakia mtoto wa mwenzake nyuma ya baiskeli na kumpeleka shule Ngiya, karibu kilomita 9 kutoka nyumbani. Mwenyewe hakusoma. Alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi barua zilivyokuwa zikimfikia asiweze kujua zimeandikwa nini, na hakutaka watoto wa nyumba yake wabaki hivyo.

Nadhani kila alichokifanya baadaye kilitokea kwenye zile barua. Ukimwi ulipoacha mayatima wengi katika eneo lile la Nyanza, alikuwa akiwalea baadhi nyumbani kwake. Mjukuu akawa rais wa Marekani, wageni wakamiminika Kogelo, na jina hilo kubwa likaingia kwenye taasisi yake ya kuwalipia watoto karo, kuwanunulia sare na kuwapa chakula. Mwaka 2014 akatunukiwa tuzo huko New York kwa kazi yake ya elimu. Tuzo ni jambo jema, lakini ile baiskeli ilitangulia miaka mingi.

Ndipo nikamwelewa Yuda vizuri zaidi. Anaposema "maskini" hana sura ya mtu hata mmoja kichwani. Ana hesabu tu. Maria ana mtu mmoja mbele yake, na miguu yake. Sisi vijana tunapenda sana kusema tutasaidia jamii, tunaandika miradi, tunatengeneza fulana. Mtoto wa shangazi anayelala sebuleni kwetu hatumwulizi hata kama ana daftari. (Najisema na mimi.)

Sasa turudi kwenye lile jibu la upole. Mama Sarah aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba yeye ni Mwislamu, tena katika miaka ambayo dini ya ukoo ilikuwa ikitumiwa kama silaha dhidi ya mjukuu wake. Alizikwa Kogelo kesho yake, tarehe 30, kwa taratibu za Kiislamu. Mtu ameishi miaka 99 akijua anamwabudu nani na vipi, halafu mimi nikiwa na simu yangu Gando nimwambie, "Hukujijua, mama"? Hiyo ni kumvua sanda na kumvika kanzu ya ubatizo bila ruhusa yake. Ni kama vile wema ukionekana nje ya uzio wetu lazima tuusogeze uzio, maana hatuwezi kuvumilia kuwa wadeni wa jirani.

Imani yangu siifanyi ndogo kwa kusema hivyo. Namkiri Kristo, na ninaamini neema yoyote aliyopewa yule mama ilitoka kwake. Lakini tangu tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, Kanisa linasema wazi kwamba linawaheshimu Waislamu. Na katika Sala ya Nne ya Ekaristi padre anawataja marehemu ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Mimi kazi yangu ni kumtaja kwa jina lake, na kumwachia Mungu yale mengine.

Ijumaa Kuu nilikwenda Wete. Tulipofika kwenye maombi yale marefu, ya watu wote, hata wasiomwamini Kristo, nilimtaja kimoyomoyo: Sarah, mama wa Kogelo. Niliporudi jioni bibi alikuwa barazani, anamenya muhogo, wajukuu wamemzunguka, na wawili kati yao si wa damu yake.

"Umemwombea?"

"Nimemwombea, bibi."

"Haya, njoo ule."

Nikamwambia leo nimefunga. Akanitazama, akacheka.

"Basi nitakuwekea futari."