Jumatano: Ukweli Kando ya Kitanda

Soma Isaya 38:1-5 na Yakobo 5:14. Je, ni upendo kumficha mgonjwa hali yake?

Katika familia moja ya Upareni, kaka wa pili alianza kukonda wakati wa palizi. Baadaye macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji. Hospitalini dada mkubwa aliitwa pembeni akaelezwa kwamba ni saratani ya ini, imeshasambaa, na upasuaji hauwezekani tena. Jioni ile ndugu walikubaliana mgonjwa aambiwe ana vidonda vya tumbo. Waliona wanamkinga. "Tukimwambia, atakufa kabla ya siku zake," alisema kitinda mimba.

Hofu hiyo si ya kubezwa. Wapo waliovunjika moyo kwa neno lililotamkwa kwa haraka na mtu aliyekuwa tayari anaondoka. Lakini tazama kilichofuata. Kila mgonjwa alipouliza juu ya vipimo, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Dada alilia jikoni, akanawa uso, ndipo akaingia chumbani na uji. Mgonjwa alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na mdogo wake juu ya mpaka wa shamba, naye aliendelea kuuahirisha: watazungumza akishapona. Waliompenda walikuwa wamemwacha peke yake, ingawa nyumba ilijaa watu.

Hezekia alipougua, Mungu hakumficha. Alimtuma Isaya kumweleza kwamba atakufa na kwamba aandae mambo ya nyumba yake. Mfalme aligeuza uso wake ukutani, akaomba na kulia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Kama nabii angemwambia ni homa ya kupita, ombi lile lingetoka wapi? Yakobo naye anaagiza kwamba mgonjwa mwenyewe awaite wazee wa kanisa. Atawaitaje ikiwa hajui uzito wa ugonjwa wake? Wengine hudhani kwamba kuutaja ugonjwa ni kukosa imani katika uponyaji. Hezekia aliusikia ukweli wote, kisha akaomba.

Ukimya una gharama nyingine pia. Barani Afrika, chanzo kikubwa cha saratani ya ini ni homa ya ini aina ya B. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na virusi vikakaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wanahitaji kupimwa damu: asiye na kinga wala maambukizi apate chanjo, na aliyeambukizwa afuatiliwe na daktari. Nani angewahimiza kupima, wakati neno lililoruhusiwa nyumbani ni vidonda vya tumbo?

Mwishowe mgonjwa ndiye aliyeuliza. Jioni moja, baada ya Sabato kufungwa, alimwambia dada yake, "Dada, mnanong'ona nini? Ninayeumwa ni mimi." Dada aliketi kando yake. Alimwuliza kwanza angependa kujua kiasi gani, naye akajibu, "Yote." Akamwambia, kisha hakuinuka. Walikaa hadi taa ikaisha mafuta.

Wiki ile mgonjwa aliwaita wazee wa kanisa, wakamwombea na kumpaka mafuta. Alimwita mdogo wake, wakaafikiana juu ya mpaka, na vijana wakapanda masale mapya. Alipoeleza maumivu yake bila kificho, alianzishiwa mofini ya kunywa, akapata usingizi. Ndugu wote wakaenda kupima.

Hakupona. Alilala mautini kabla ya mavuno, akiingojea sauti ile iliyomwita Lazaro (Yohana 11:43). Yesu pia aliwaambia wanafunzi wazi kwamba Lazaro amekufa, kisha akaenda nao kaburini (Yohana 11:14, 15). Anayesema ukweli na kuondoka amefanya nusu ya kazi. Upendo husema, kisha hukaa.

Kwa kujadili: Kuna tofauti gani kati ya kumficha mgonjwa na kumpa nafasi ya kuchagua kiasi anachotaka kujua? Je, yuko mgonjwa katika familia yako ambaye kila mtu anamzungumzia, lakini hakuna anayezungumza naye?