Bikizee wa Simbi Aulizwa Kitambulisho

Shairi lilirudi na wino mwekundu pembeni: Simbi ni nani? Weka tanbihi. Aliyelituma, kijana wa Port Victoria, alikuwa ameandika juu ya nyumba za Bunyala zilizomezwa na maji mwaka 2020, Mto Nzoia ulipofurika na Ziwa Victoria, mwezi Mei, likapanda kuipita hata rekodi ya 1964. Katika beti hizo hizo alimtaja pia Odysseus, baharia wa Wagiriki. Odysseus hakuulizwa kitambulisho.

Makala haya yamezaliwa na hasira juu ya swali hilo.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la kreta, maji yake ya magadi na ya kijani, linaloitwa Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji chenye sherehe. Bikizee mwenye njaa akapiga hodi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Usiku ule mvua ikashuka, kijiji kikazama pamoja na ngoma zake. Basi. Hata msomaji wa Lamu ameshaelewa.

Hoja inayoudhi ni ile isemayo kwamba hadithi za Wagiriki ni za dunia nzima, za Waluo ni za Waluo. Nani aliyezifanya za dunia nzima, kama si ratiba ya masomo? Hakuna mtoto wa Kisumu aliyezaliwa akimjua Odysseus. Alifundishwa, kama alivyofundishwa jedwali la kuzidisha. Tena wakubwa wenyewe wa usasa walihitaji msaada. T. S. Eliot alipotoa The Waste Land mwaka 1922, aliegemea visakale vya mfalme mvuvi alivyovikuta katika kitabu cha Jessie Weston cha 1920, na Waingereza wengi hawakuambulia kitu. Shairi lilipochapwa kama kitabu likaongezewa tanbihi mwishoni, na baadaye Eliot alikiri kwamba zilirefushwa ili kurasa zijae. Shairi linalotolewa mfano kila siku lilitembea kwa mkongojo.

Kando ya Ziwa Victoria kiburi hicho cha wahakiki kina historia, na wapinzani wake pia. Okot p'Bitek, ambaye shairi lake Song of Lawino lilitoka 1966, aliandaa tamasha la sanaa Kisumu mwaka 1968, na masimulizi ya wazee kwake hayakuwa mapambo ya kubandika. Ng'ambo ya kusini, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alishambuliwa baada ya mkusanyiko wake wa mashairi, Kichomi, 1974, kwa kuacha vina na mizani. Huyu kaacha vina, yule kaleta bikizee: makosa hayaishi.

Wapo pia wanaosema kwamba visakale vingi humtwika mke lawama ya usaliti. Hiyo ni hoja ya haki.

Na hapo ndipo anapoingia Luanda Magere, shujaa wa Waluo, ambaye ni vigumu kumpita bila kumsalimu. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikigonga na kuanguka, mpaka mke aliyeletwa na maadui akagundua kwamba uhai wake umo kivulini. Pwani, shujaa Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wote wawili waliuzwa na watu wa nyumbani. Lakini kitovu ni mwili, kivuli si mwili: kwa Kijaluo ni tipo, neno linalobeba pia maana ya roho. Kisigino cha Achilles, ukilinganisha, ni mahali tu ambapo mkono wa mama ulishika. Mshairi anayetaka kuandika juu ya mtu aliyejengwa kwa saruji na kuangushwa na kitu kisichoshikika, aende Ugiriki kutafuta nini?

Hata hivyo bikizee wa Simbi ana mtego wake. Katika kisasili, waliozama ndio wenye hatia. Bunyala maji hayakuwafuata wenye sherehe. Yaliwafuata wenye njaa, wakaishia kambini na magodoro mabichi. Kijana amejaribu kuigeuza hadithi, waliofurikiwa wawe ndio wapiga hodi, lakini mafuriko yanakataa kuhamia upande wa pili wa mlango.

Katika nakala ya tatu amemwondoa Odysseus. Bikizee amebaki. Sasa anasimama juu ya tuta la Nzoia, maji yakimfika magotini, na shairi halijaamua kama ni yeye aliyeyaita.