Namba ya Mtu Mwingine

Juzi, nikiandaa habari ya mikopo ya simu, nilipakua programu moja ili nione wakopaji wanakutana na nini. Kabla hata ya kuniuliza nataka shilingi ngapi, iliomba kusoma majina na namba zote zilizomo kwenye simu yangu. Nikakataa. Ikajifunga. Yaani bila watu wangu, hatuna la kuongea.

Kabla hujanisifu, ngoja. Miaka kadhaa nyuma programu ya mtandao wa kijamii iliniomba hivyohivyo, nami nikaruhusu bila kusoma. Baada ya siku chache nikapigiwa na nesi mmoja aliyekuwa akinipa habari za kazini kwake kwa siri. “Kaka, mbona umetokea kwenye simu yangu, eti mtu ninayeweza kumfahamu? Kama mimi nimekuona wewe, nani mwingine ameniona mimi?” Sikuwa na jibu.

Watengenezaji wa programu wana kanuni zao za kuomba taarifa: omba kidogo, omba pale kitu kinapohitajika, eleza sababu, na mtu akikataa, programu iendelee kufanya kazi. Ni kanuni nzuri, na zilikuja baada ya fedheha. Mwaka 2012 iligundulika kwamba programu ya Path ilikuwa ikichukua kitabu kizima cha namba kutoka kwenye iPhone kimyakimya, na mwaka huohuo Apple ikaanza kuzilazimisha programu ziombe ruhusa kwanza.

Sawa. Lakini anayeombwa ni nani? Ni mwenye simu. Katika sakata la Cambridge Analytica, watu wapatao 270,000 tu ndio walioweka programu ile ya maswali ya haiba. Mwaka 2018 Facebook yenyewe ilikiri kwamba huenda zilichukuliwa taarifa za watu hadi milioni 87, maana wakati ule ruhusa ya mmoja iligusa na marafiki zake. Hao marafiki hawakuulizwa kitu.

Mgeni akipiga hodi kwangu, naweza kusema karibu. Kwa jirani siwezi kumwitikia. Utaniambia namba nimepewa, kwa hiyo ni yangu. Hapana. Nesi alinipa nimpigie, basi. Ile ilikuwa amana.

Najua, hakuna atakayewapigia watu mia nne kuwaomba radhi kabla ya kubonyeza “Ruhusu”. Na mama mwenye mtoto mgonjwa, anayetaka mkopo saa tano usiku, hana nafasi ya kukataa kama mimi niliyekuwa najaribu tu. Simlaumu. Namlaumu aliyeuweka mkopo upande mmoja wa mlango na majina ya shangazi zake upande wa pili, akaita hiyo hiari.

Mimi je? Mimi sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa na haraka tu.

Nesi alibadilisha namba. Mpya hakunipa.