Kasuku Anaposema "Niko Poa"

Kila asubuhi nilikuwa namuuliza kasuku wetu, "Sasa?" naye anajibu, "Niko poa." Jibu hilo alilitoa kwa marehemu baba, ambaye alilitumia hata siku alizokuwa hoi. Kisha jicho lake la kushoto likaanza kuvimba na kutokeza nje. Nikamuuliza. "Niko poa."

Daktari wa mifugo aliniambia ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye huliwa kwanza. Tena si kila uvimbe ni saratani. Unaweza kuwa usaha, sainasi, au ukosefu wa vitamini A, hasa kwa kasuku anayelishwa alizeti tupu, kama wetu. Kwa hivyo akapigwa eksirei, kisha akatolewa chembechembe kwa sindano nyembamba. Majibu ya maabara: saratani.

Kilichobaki ni kutoa jicho. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hivi, na damu yake yote ni kama mililita 40. Akipoteza zaidi ya mililita 4, hata kijiko cha chai hakijajaa, yuko hatarini. Mshipa wa neva wa jicho lake pia ni mfupi. Ukivutwa vibaya, hata lile jicho zima linaweza kupofuka.

"Pesa yote hiyo kwa ndege?" dada yangu akauliza. Swali halali, mama alikuwa anangoja miwani. Lakini manze, kilichoninyima usingizi si pesa. Niliogopa kwamba nataka apone kwa sababu sauti ya baba imebaki kwake tu. Je, nina haki ya kumtesa ndege ili niendelee kumsikia mtu?

Nikaacha kusikiliza anachosema, nikaangalia anachofanya. Alikuwa bado anakula, bado anapanda fito, bado anamfokea paka wa jirani. Anayetaka kuishi ni yeye, si mimi tu. Nikatia saini, na sharti moja: ikipatikana kwamba saratani imeingia kwenye mfupa, asiamshwe. Hapo ndipo nilijua namfikiria yeye.

Aliamka. Siku tisa hakusema neno. Nikawa nampima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, maana ndege akipungua uzito, hiyo ndiyo lugha yake.

Siku ya kumi akasema yuko poa. Nilimweka kwenye mizani kwanza.

Miwani ya mama ilingoja miezi miwili zaidi. Hilo nalo nimelibeba.