Kivuli cha Macho na Kivuli cha Jina

Mchungaji wa Ugogo akipotelewa na ng'ombe, hutazama mavumbini. Ukwato mmoja wenye ufa humwonyesha njia aliyopita. Ng'ombe hakusema neno. Alama yake ndiyo iliyosema. Basi siku hizi sisi nasi tuna alama ya namna hiyo, na twaiacha kila tufunguapo ukurasa wa intaneti.

Wengi wetu twapenda kurasa nyeusi zenye maandiko meupe. Usiku, taa imezimwa na watoto wamelala, mweupe wa simu huchoma macho. Kwa hiyo twaiagiza programu ya kusomea itupe giza, nayo huijibu kila tovuti iulizayo: "Huyu apenda giza." Neno hilo ni dogo. Lakini huungana na mengine: upana wa kioo, lugha, saa za mahali, aina za herufi. Yakikusanywa yote huwa kama alama ya kidole, na mtu hutambulikana ijapokuwa hakutaja jina.

Na tufanye hesabu. Katika shule yenye watoto 512, ukiuliza maswali ya ndiyo na siyo, kila swali likiwagawa nusu kwa nusu, maswali 9 yatosha kumpata mtoto mmoja. Kwa watu wote wa dunia, waliozidi bilioni 8, yatosha maswali 33. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation, huko Marekani, alilichunguza jambo hilo, akaona ya kuwa katika kila programu 10 alizopima, zaidi ya 8 zilikuwa na alama isiyofanana na nyingine yo yote.

Ndiyo maana Firefox ina kinga iliyotoka katika kazi ya Tor. Mtu akiiwasha, tovuti zote huambiwa kwamba apenda mwanga, hata kama apenda giza. Na saa husemwa ni za Greenwich, ingawa Dodoma iko mbele kwa saa 3. Wote huvikwa sare moja. Ndipo wengine hulalamika: "Mbona tumenyimwa giza letu?"

Twaona kwamba swali hili si la rangi tu. Maficho ya kundi si mali ya mtu mmoja. Akivua mmoja sare, huonekana yeye, na kundi limepungua. Wakivua wengi, waliobaki huonekana kama vichuguu mbugani. Na huenda miongoni mwao yuko mwenye hatari ya kweli: mwanamke aliyemkimbia mume mkali, au mtu atafutaye kwa siri habari za ugonjwa wake. Anasa yetu isiwe hasara yake.

Lakini na tuitazame nchi yetu pia. Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma zimejulikana tangu zamani kwa ugonjwa wa vikope, na jicho lililoumia huudhiwa na mwanga mkali. Kumwambia mtu kama huyo avumilie kwa ajili ya wengine ni ukatili. Kwake giza si pambo. Ni kama mkongojo kwa kiwete.

Basi yatupasa kupambanua haja na tamaa. Mwenye macho mazima apunguze mwanga wa kioo, ama atumie ukurasa wa kusomea wa Firefox, ambao rangi zake hubadilishwa ndani ya chombo chenyewe, baada ya habari kupokewa. Mwenye macho mabovu achague giza bila haya, akiijua bei yake.

Tena lawama isiwe juu ya hawa wawili, bali juu ya yule afuataye nyayo za watu bila ruhusa. Mwaka 2022 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria ni zizi, na zizi halifungi mlango lenyewe. Wasafiri wawili wasigombanie kivuli cha mbuyu, hali mwizi amejibanza nyuma ya shina.